Risasi Nzito za Winfrida

Kitasa kilizungushwa mara ya pili, safari hii kwa nguvu.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa ya kutosha kukuvusha. Ghati, askari wa wanyamapori wa hifadhi ya jamii, mpiga shabaha ambaye Mugumu nzima hakuwa na mpinzani mpaka mwaka huu, alikuwa amejifungia ndani ya karakana ya mumewe. Mume ni Mabula, fundi bunduki wa klabu ya shabaha. Ufunguo wa kabati la risasi Ghati aliukuta kwenye suruali aliyotaka kuifua, na ndani ya kabati akakikuta alichokuwa anakitafuta huku akiomba asikikute: boksi dogo lenye herufi W, na ndani yake risasi ishirini nzito zilizochaguliwa moja moja.

W ni Winfrida. Mdogo kwa Ghati kwa miaka saba, mrefu kwake kwa kichwa kizima, na ndiye atakayepambana naye fainali saa nne asubuhi hiyo hiyo.

Usidhani Ghati aliganda. Mtu aliyezoea kulala kifudifudi kwenye nyasi akisubiri majangili hagandi kwa sababu ya kitasa. Alichukua boksi lake mwenyewe, lenye herufi G, akamimina risasi zake mezani. Za W akazitia kwenye G, za G akazitia kwenye W. Akafunga vifuniko, akarudisha kila boksi mahali pake, akafunga kabati, akaondoa komeo la mlango.

Hakuwa Mabula. Alikuwa Winfrida mwenyewe, amevaa kofia ya klabu, anatabasamu.

"Dada Ghati, habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Shemeji yupo?"

"Shemeji yako nani?"

Winfrida akacheka. "Mabula, nani mwingine? Kaniambia nipitie risasi zangu kabla ya saa tatu."

"Kakwambia lini?"

"Leo asubuhi. Kanipigia simu."

Mabula alitoka nyumbani saa kumi na mbili akilalamika kwamba simu yake imekwisha chaji. Alilalamika hivyo akiwa amesimama mlangoni, mbele ya mke wake, bila kupepesa jicho.

"Kanipigia kusema ziko tayari," Winfrida aliendelea, wala hajui anamwaga petroli mahali gani. "Anasema amepima risasi mia moja na hamsini ndipo akapata ishirini zinazolingana. Mimi nikamwambia, Mabula, wewe utaharibu macho."

"Ukamwambia hivyo."

"Eeh. Akacheka."

Alicheka. Ghati hakumbuki mara ya mwisho Mabula kucheka kwenye simu yake yeye. Kwake huwa anauliza kama kuna maharage yaliyobaki, kisha anakata.

Hapa inabidi nikueleze habari ya mizani, maana ugomvi wote umeanzia hapo. Mabula ni Msukuma wa Kahama. Alikuja machimbo ya Matongo kutafuta dhahabu, akachimba miaka sita, na alipotoka mashimoni alikuwa na kifua kibovu, mke mmoja Mkurya, na mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Utajiri haukuwamo. Mizani ile aliipenda. Juu yake ndipo alipopima kipande cha dhahabu kilichotengeneza pete ya Ghati, mbele ya wakwe, na akakataa kukipunguza japo sonara alimwambia ni kizito mno kwa kidole cha mwanamke.

Sasa mizani hiyo hiyo, kwa mwezi mzima, ilikuwa inapima risasi za Winfrida. Kila jioni Mabula alijifungia karakana, akiweka risasi moja sahanini, akisubiri, akiitoa, akiweka nyingine. Za Winfrida zilikuwa zenye kichwa cha gramu kumi na tatu. Za Ghati zilikuwa za gramu kumi na moja.

"Kwa nini yeye kumi na tatu?" Ghati alimuuliza siku moja, akijitahidi sauti yake iwe ya kawaida.

"Kichwa kizito hakiyumbishwi na upepo," Mabula alimjibu bila kuinua macho. "Kikishaondoka, kinakwenda. Mita mia nane kinafika bado kina nguvu."

"Na chepesi?"

"Chepesi upepo unakisukuma."

Basi. Hakumaliza maelezo, maana mteja aliingia, na Ghati hakuuliza tena. Mtoto aliyezaliwa Matongo anajua kabla hajajua kuhesabu kwamba kinachozidi kwenye mizani ndicho chenye thamani. Watu pale wamegombana, wamechomana visu, wamevunja ndoa kwa ajili ya gramu mbili. Ghati alipofika nyumbani siku ile alikuwa amekwisha jua ukweli wake: Winfrida ana gramu kumi na tatu kwa Mabula, na yeye ana kumi na moja.

"Dada," Winfrida alisema, "kama una ufunguo, naomba nichukue tu niwahi. Nataka nikalale kidogo chini, nitulize pumzi."

Ghati alifungua kabati. Akamkabidhi boksi la W.

"Asante sana. Na wewe nakutakia heri."

"Na wewe."

Winfrida aliondoka na risasi nyepesi. Ghati akachukua boksi la G, akalitia kwenye mfuko wa suruali, akalisikia linampiga pajani kwa uzito kila alipopiga hatua. Uzito ule ulimfurahisha. Furaha yenyewe haikuwa nzuri, na mimi siwezi kuisifia.

Uwanja wa shabaha uko nje kidogo ya Mugumu, upande wa barabara inayokwenda hifadhini. Watu walikuwa wamejaa tangu saa tatu, wengine wamekuja kwa bodaboda kutoka Kewanja, wengine wametoka sokoni wakaacha vibanda. Si kawaida fainali kuwa ya wanawake wawili, na si kawaida wanawake hao wawili kuhudumiwa na fundi mmoja. Maneno yalikuwa yamezunguka. Ghati aliyasikia yakinyamaza kila alipopita.

Mabula alimkuta kwenye kivuli cha turubai.

"Umechukua risasi zako?"

"Nimechukua."

"Vizuri. Nimekutafutia..."

"Simu imepata chaji?"

"Imepata. Nilichaji pale kwa kinyozi."

"Vizuri. Maana usingeweza kumpigia mtu."

Alimwacha amesimama pale, akaenda kupanga foleni ya ukaguzi. Mwamuzi, mzee Heche, mstaafu wa magereza asiyejua mchezo wala mzaha, aliwasomea kanuni. Risasi mbili za majaribio, kumi za kuhesabiwa. Umbali mita mia nane. Kila mpigaji atumie risasi alizoandikishiwa na fundi. Atakayeshinda ataiwakilisha Mara huko Arusha.

"Mmesikia?"

"Tumesikia, mzee," Winfrida alijibu.

"Ghati?"

"Nimesikia."

Winfrida alianza. Alilala juu ya gunia, akavuta kitako cha bunduki begani, akatulia. Risasi ya kwanza ya majaribio ilipanda juu ya shabaha yote. Winfrida akainua kichwa, akaifungua bunduki, akaitazama risasi iliyofuata kabla ya kuiingiza. Aliitazama sana. Kisha akageuka akamtafuta Mabula kwa macho kwenye umati, akampata, akatikisa kichwa kama mtu anayesema sawa, nimekuelewa.

Ghati aliliona lile. Mambo gani haya ya kuelewana kwa macho mbele ya watu?

Winfrida alizungusha kirungu cha darubini ya bunduki, akashusha lengo, akapiga ya pili. Ikaingia. Akaanza zile kumi. Upepo ulikuwa umeamka kutoka upande wa ziwa, unalaza nyasi zote upande mmoja, na kila risasi ya Winfrida ilisukumwa kidogo kulia, ikaingia pembeni ya duara la kati. Nane. Nane. Saba. Tisa. Saba. Vijana waliojificha kwenye handaki la shabaha walikuwa wanasoma alama kwa redio ya upepo na Heche anaandika.

"Themanini na moja," Heche alitangaza.

Watu waliguna. Wiki mbili zilizopita Winfrida alipata tisini na nne.

Mabula alikuwa amekunja uso. "Upepo unazisukuma," Ghati alimsikia akimwambia mtu wa pembeni yake. "Hazikutakiwa kusukumwa hivyo."

Ghati alilala juu ya gunia. Themanini na moja alikuwa anaipata hata akiwa na homa. Na leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na risasi ambazo upepo hauziwezi. Alichagua moja, ndefu, inang'aa, kichwa chake kimetokeza kuliko alivyozoea. Akaiingiza. Alijisemea moyoni: leo utajua, Mabula, ulikuwa unampa nani na ulikuwa unamnyima nani.

Akafyatua.

Redio ilikwaruza. "Hatujaona tundu."

"Rudia," Heche alisema.

"Hakuna tundu, mzee. Shabaha nzima."

Ghati alijua alikuwa amevuta vizuri. Akapiga ya pili ya majaribio.

"Hakuna."

Umati ulianza kunong'ona. Jasho lilimtoka Ghati kwenye viganja, na mtu akishatokwa jasho viganjani mbele ya bunduki afadhali angeamka akaenda nyumbani. Hakuamka. Alipiga zile kumi zote, moja baada ya nyingine, kwa hasira, kisha kwa woga, kisha kwa ukaidi mtupu. Baadhi alisikia zinaondoka na mlio wa ajabu, zinavuma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

"Tatu tu ndizo zimefika," redio ilisema. "Na mzee Heche, tunaileta shabaha huko. Hatujawahi kuona kitu hiki."

Shabaha ililetwa na bodaboda, imekunjwa kwapani. Heche aliikunjua juu ya meza, watu wakasogea. Tundu la risasi ni duara, hata mtoto anajua. Matundu haya matatu yalikuwa marefu, kila moja limechanika kwa umbo la risasi iliyolala ubavu.

"Zimeingia kwa ubavu," Heche alisema taratibu. "Zilikuwa zinapinduka hewani."

Mabula alipenya katikati ya watu. Alipitisha kidole kwenye tundu moja, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye boksi la Ghati lililokuwa bado juu ya gunia. Akatoa risasi mojawapo ya zile zilizobaki. Hakuhitaji mizani. Aliirusha kidogo kiganjani, mara moja tu, akajua.

"Ghati."

"Abee."

"Hizi si zako."

Heche alivua miwani. "Ni za nani?"

Ghati alitazama chini. Alisubiri jina lake litajwe mbele ya umati mzima wa Mugumu, litajwe na mdomo wa mumewe.

"Ni kosa langu," Mabula alisema. "Nilizichanganya wakati wa kupanga. Fundi ni mimi, lawama ni yangu."

Ghati aliinua kichwa. Mumewe alikuwa anamfichia kosa. Mtu ambaye yeye Ghati alimchunga mwezi mzima, akamnusa mashati, alikuwa anaivua heshima yake ya kazi mbele ya watu ili yeye asiaibike. Machozi yalimlengalenga, na pengine mambo yangeishia hapo, kila mtu angerudi kwake. Lakini Winfrida naye akafungua mdomo.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Mimi niliona vichwa vyangu ni vifupi. Nikajua Mabula kabadilisha mawazo bila kuniambia. Nikasema, kama ni Mabula, napiga tu. Sijawahi kumtilia shaka."

Sijawahi kumtilia shaka. Maneno gani haya ya kumwambia mke wa mtu, ambaye hajafanya kingine mwezi mzima ila kumtilia shaka?

"Nimezibadilisha mimi," Ghati alisema.

Alimgeukia Heche.

"Mabula hajakosea. Nilichukua ufunguo kwenye suruali yake, nikafungua kabati, nikazibadilisha. Za Winfrida nikachukua mimi."

"Kwa nini?" Mabula aliuliza. Hakupandisha sauti.

"Kwa sababu mwezi mzima unamchagulia yeye nzito, mimi unanipa nyepesi. Unampimia mia moja na hamsini. Unampigia simu kwa simu isiyo na chaji. Mimi ni mkeo, Mabula. Za maana ulitakiwa unipe mimi."

Kuna watu walicheka. Mabula hakucheka. Alichukua bunduki ya Ghati, akaifungua, akahakikisha ni tupu, akaielekeza mbinguni.

"Chungulia."

"Nini?"

"Chungulia ndani ya mtutu, mke wangu."

Ghati alichungulia. Aliiona mifereji iliyochongwa ndani ya chuma, inajizungusha polepole kuelekea mdomoni.

"Hiyo ndiyo inayoizungusha risasi," Mabula alisema. "Risasi isipozunguka inapepesuka, haina tofauti na pia ya watoto iliyoishiwa nguvu. Bunduki yako ni ya zamani. Mifereji yake inajipinda taratibu. Risasi ya gramu kumi na moja ni fupi, inaizungusha vya kutosha. Ya kumi na tatu ni ndefu, inahitaji kuzungushwa kwa kasi, na mtutu wako hauwezi. Inatoka imelewa. Bunduki ya Winfrida ni mpya, mifereji yake imejisokota sana. Ndiyo maana nikampa nzito. Mimi sichagulii mtu, Ghati. Nachagulia mtutu."

"Na upepo?"

"Upepo wewe unausoma kuliko mtu yeyote katika wilaya hii. Nilijua gramu mbili hazikusumbui. Na kwa kuwa umetaka kujua za Winfrida nilipima ngapi, za kwako nilipima mia tatu."

Mia tatu. Ghati alifanya hesabu ile mara mbili kichwani, na mara zote mbili ilitoka yeye ndiye aliyezidi. Aibu ilimshika kuanzia masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na furaha kubwa ambayo alishindwa kuificha. Mabula alimshika mkono, mbele ya watu wote, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kanuni ni kanuni," Heche alisema, akifunga daftari lake. "Ghati umetoka. Winfrida ndiye anayekwenda Arusha."

"Ni haki, mzee," Ghati alijibu.

Na alimaanisha. Arusha mtu anaweza kwenda mwaka mwingine. Alichokuwa anakihofia kukipoteza kilikuwa kimemshika mkono.

Msomaji wangu, laiti tungefunga gazeti hapa.

"Mwacheni huyo mama," sauti ilisema kutoka nyuma. "Wivu wake si wa bure."

Watu walipisha. Aliyekuwa amekaa muda wote kwenye kiti cha plastiki, mwavuli mapajani, aliinuka akasogea. Alikuwa bibi Mogesi wa Kewanja, mwenye ng'ombe ambao hata yeye mwenyewe huwaulizia idadi. Na ndiye aliyemwoa Winfrida.

Msomaji wa Mbeya au Lindi usishangae. Huku Mara, kwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, nyumba ikaitwa nyumba ntobhu. Mke huyo hazai na mwoaji wake, bila shaka. Huchaguliwa mwanamume, huyo huja na kuondoka, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ya bibi. Mwanamume hana lake pale.

"Shikamoo mama," Ghati alisema.

"Marahaba mwanangu. Pole kwa leo." Mogesi alimgeukia Mabula. "Wewe mura, kijana wangu, umemweleza mkeo habari za risasi vizuri kabisa. Hata mimi nimeelewa. Sasa mweleze na ile nyingine."

"Mama, siyo hapa," Mabula alisema.

"Siyo hapa, ni wapi? Jumamosi tatu nimekusubiri."

Ghati alihisi mkono wa Mabula umekuwa baridi ndani ya wake. "Habari ipi?"

"Nilimwita nyumbani kwangu," Mogesi alisema. "Nikamwambia, nyumba yangu inataka watoto. Winfrida ni kijana, na wewe ni mtu mtulivu, hunywi, hupigani, una akili ya mikono. Nakuomba uwe mwanamume wa nyumba ile. Nilimwambia amwambie mkewe, maana mimi si mwizi."

Ghati alimgeukia mumewe. "Mabula."

"Nilikataa," Mabula alisema haraka.

"Hukukataa," Mogesi alisema. "Usiniongopee mbele ya watu, mimi ni mtu mzima. Ulisema nikupe muda ufikirie."

Jumamosi tatu. Mume wake alikuwa amekaa na swali lile Jumamosi tatu, amekula nalo chakula chake, amelala nalo kitandani kwake, huku jioni akipima risasi za mwanamke huyo huyo. Risasi zilikuwa safi, sawa. Zilichaguliwa kwa ajili ya mtutu. Lakini aliyezichagua alikuwa anafikiria.

"Ulikuwa unafikiria nini?" aliuliza.

"Ghati, sikiliza. Mtu mzima akikuomba jambo, huwezi kumkatalia palepale. Ni heshima tu."

"Jumamosi tatu za heshima."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukataa."

Pengine ni kweli. Mabula ni mtu wa taratibu, hata chai huinywa ikiwa imepoa. Ghati alitamani sana iwe kweli, na alikuwa karibu kabisa kuamini.

"Mama," Winfrida alisema.

Wote walimgeukia. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

"Mama, naomba uniwie radhi. Tangu unanioa nilikwambia, mwanamume nitamchagua mwenyewe. Ulikubali. Huyu kaka nilimheshimu kama fundi wangu, basi. Sikujua kwamba umemwita, na sikukutuma. Na mimi nimeshachagua wangu. Si Mabula."

Mogesi alikubali kwa kichwa, wala hakuonekana kukasirika. Heche alishusha pumzi. Mama mmoja muuza karanga alipiga kigelegele kifupi, akaona aibu, akanyamaza. Yameisha, Ghati alijisemea kwa nafuu. Hata kama Mabula alifikiria, sasa hakuna cha kufikiria tena. Mume wake ni wake.

"Ni nani?"

Ghati alidhani ni Mogesi aliyeuliza. Hakuwa Mogesi. Wala hakuwa Heche, wala yule mama wa karanga.

"Ni nani huyo?" Mabula aliuliza tena.

Heche alicheka kidogo akidhani ni utani wa Wasukuma. Ghati hakucheka. Sauti ile aliifahamu mno. Ni sauti aliyoitumia yeye mwezi mzima, akiuliza ulikuwa na nani, umechelewa wapi, nani alikupigia. Mtu hatoi sauti ile kwa jambo lisilomuuma.

"Wewe ya nini kumjua?" Winfrida alimuuliza kwa mshangao.

Mabula alikuwa anamtazama Winfrida, na usoni mwake hapakuwa na nafuu hata kidogo. Ulikuwa uso wa mwanamume aliyekataliwa mbele ya watu kabla hata hajapata nafasi ya kusema ndiyo. Hakuwa na habari kwamba mkewe anamtazama. Hakuwa na habari kwamba bado amemshika mkono.

Ghati aliutoa mkono wake polepole.

"Mjibu, Winfrida," alisema. "Mtaje kwa jina. Nataka nimwangalie mume wangu usoni wakati analisikia."

Winfrida aliwatazama wote wawili, mume na mke. Kisha akalitaja, nalo, msomaji wangu, utalisikia wiki ijayo.